Njaa ya Kluska

Kluska, kwa lugha yao, ni tonge la unga,
na tonge ndilo alilokaribia kuwa.

Bibi Bronisława alimlisha soseji.
Asubuhi soseji, vipande vyembamba kama sarafu,
jioni ngozi ya kuku, Jumapili jibini.
Kobe akiinua shingo tu majini
mkono wa Bibi ulikwishafika.

Usimwambie aliyewahi kula maganda ya viazi
kwamba chakula kinadhuru.
Alikuwa na miaka mitano, vita havijaisha,
na mama yake alichemsha maji matupu
ili sauti ya sufuria iwabembeleze watoto.
Tangu hapo, kwake, mapenzi hupimwa kwa mizani.
Sisi wajukuu tulitoka kwake tumevimbiwa
na bado tukafungiwa masurufu ya njiani,
njia yenyewe vituo vinne vya tramu.

Machi moja Kluska hakufumbua macho.
Kope zilitutumka kama maharage yaliyolowekwa,
na gamba, nilipoligusa kwa kidole gumba,
likabonyea.
Gamba. Likabonyea.

Daktari Oleszko hakufoka; angefoka ingekuwa nafuu.
Alimgeuza chali juu ya taulo,
akasema, "Huyu ana njaa."
Bibi akaukumbatia mkoba wake.
"Njaa? Kwangu mimi?"
"Njaa ya majani, mama. Ya chokaa. Ya jua.
Nyama ameila ya kutosha mpaka kuota manyoya."

Ndani ya tramu hakusema neno.
Beseni juu ya mapaja, skafu juu ya beseni,
na mji wa Łódź ukipita dirishani na theluji yake chafu.

Kisha Aprili, na majani yale machungu
yenye ua la manjano, ndugu wa mchunga,
yanayopasua lami nyuma ya kiwanda cha nguo kilichokufa.
Wapita njia walimwona ajuza wa miaka themanini na tatu
amepiga magoti na mkasi,
akikwepa nguzo ambapo mbwa huinua mguu.
Aliyaosha mara tatu.
Aliyaelesha juu ya maji, moja moja,
kama anayewaandalia wakwe meza.

Kluska akayatazama.
Kesho yake, akayatazama tena.
Siku ya tano Bibi alinifuata jikoni, sauti chini:
"Kipande kimoja tu. Kama ukucha."
Nikamnyima. Mimi, aliyenilea.
Sijapata kushika kitu kizito kama zile gramu tatu za soseji.

Siku ya tisa jani lilitikisika.
Kisha sauti ndogo, kama karatasi
inayochanwa chumba cha pili.
Bibi aliketi na koti lake, na viatu vyake vyenye matope.
"Anakula," akasema. "Anakula nyasi kama mbuzi wa kasisi."
Akalia kidogo, akaenda kumenya karoti.

Karoti ni ya macho; tumeandika daftarini.
Konokono apewe mzima, na nyumba yake.
Mchicha mara chache, hapo kuna mstari mwekundu,
ingawa nimesahau sababu na Bibi anaikumbuka.
Mfupa wa ngisi huelea pembeni kama kipande cha sabuni.
Taa inakula umeme kuliko friji
na Bibi, anayezima balbu ya choo tukiwa bado ndani,
hajawahi kuilalamikia.

Sasa nikiligonga gamba kwa ukucha
linaitika kama mlango wa mtu aliyeko nyumbani.

Juzi ilikuwa sikukuu ya jina la Bibi.
Wageni walipoondoka nilipita kwenye tangi:
juu ya maji, duara dogo la mafuta,
likimeta chini ya taa rangi saba,
na harufu ya moshi na kitunguu saumu.
Bibi alikuwa akisugua sahani iliyokwisha kutakata.

Sikuuliza.
Nilichukua daftari, nikaandika tarehe,
na mbele yake: mnyoo, mmoja, mnene.